Afisa Hasubiri "Ila"

Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji. Leo nimeyaandika hayo kwa mkupuo mmoja, lakini neno "usonji", Waingereza wanaita autism, lilinichukua miaka kulitamka mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwetu.

Tunakaa Ngamiani, Tanga mjini. Riziki yangu ni vitumbua vya asubuhi na wali wa nazi wa mchana. Anayeijua kazi hii anajua haiendi bila nazi, na nazi haiendi bila mbuzi. Mwanangu haiwezi sauti ya mbuzi. Ule mkwaruzo wa chuma kwenye kifuu unamwingia kichwani. Huziba masikio, hujipigiza kisogo ukutani, na akianza hatulii mpaka kuche. Basi kila siku saa kumi alfajiri najitwika mbuzi, ungo na nazi nane, natembea nyumba tatu hadi uani kwa jirani, nakunia huko gizani, narudi na nazi iliyokunwa. Nimefanya hivyo miaka mitano. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba hiyo nayo ni kazi ya kulea mtoto mwenye ulemavu. Niliona ni mazoea ya nyumbani tu, kama wengine wanavyofungia kuku.

Kumbe habari hiyo ya nazi ndiyo iliyokuja kumfanya afisa mmoja aweke kalamu chini anisikilize. Nataka kueleza ilivyokuwa, maana najua wako wazazi wengi hapa Tanga, na kwingineko, wanaozunguka maofisini na mtoto mkononi wakirudi kama walivyokwenda.

Alipokuwa na miaka mitatu hasemi, baba yake aliniambia watoto wa kiume huchelewa, hata yeye alichelewa. Bibi yake akamletea kombe, maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji, akalinywa mwezi mzima. Simlaumu mama yangu. Alitoa dawa aliyokuwa nayo, na aliitoa kwa mapenzi. Majirani nao walikuwa na yao. Ati nimemdekeza, ati simu, ati kijicho. Mimi nilikuwa namtazama anavyochuchumaa kwa fundi baiskeli, anazungusha gurudumu lililopinduliwa, macho kwenye spoku, saa nzima bila kupepesa, nami nasema moyoni huyu anaona kitu ambacho sisi hatukioni.

Daktari wa hospitali ya Bombo, hapa Tanga, ndiye aliyetuambia tumpeleke kwa wataalamu wa watoto Muhimbili. Tulipanda basi Kange alfajiri. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, na kwa mtoto asiyevumilia honi wala harufu ya watu, kila kilomita ina hesabu yake. Tulipofika Segera abiria watatu walikuwa wameshahama viti. Huko Muhimbili nilidhani atatolewa damu. Hakutolewa. Usonji hauna kipimo cha damu, na ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili, vilevile. Mtaalamu hukaa na mtoto, humtazama anavyocheza, humuuliza mzazi maswali mengi tangu ujauzito. Tulitoka na karatasi iliyoandikwa jina la hali yake. Mie niliikunja vizuri nikaitia kwenye pochi kama hati ya nyumba. Nikajua sasa milango itafunguka.

Nikaenda ofisi moja. Sitaitaja, maana nia yangu si kumchongea mtu, na yule kijana aliyenipokea alikuwa na adabu zake zote. Alinipa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillah."

Akaandika. Akaniuliza anakula, nikasema anakula. Analala, analala. Anatembea? Nikasema anatembea, tena sana. Yote hayo ni kweli. Alikuwa anakula wali mweupe peke yake, usio na mchuzi, kwenye bakuli la bluu na si jingine. Alikuwa analala muda wa saa tatu tu kwa usiku mzima. Na kutembea kwake ndiko kulikotufanya tutie komeo mbili mlangoni. Lakini sikuulizwa hayo, nami sikuyasema.

Juu ya kichwa cha yule kijana palikuwa na feni. Mwanangu aliiona tulipoingia tu. Akakaa chini, akainua uso, akaitazama inavyozunguka, kimya, ametulia kama mtoto wa picha. Yule kijana akamtazama, akaisoma karatasi yangu, akamtazama tena. "Mama, huu ugonjwa siujui vizuri, lakini mtoto naona mzima. Ana macho, ana miguu, katulia. Mshukuru Mungu. Hapa tunashughulika na wenye ulemavu." Nikamshukuru. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua. Nilimshika mwanangu mkono kumtoa, na kwa kuwa nilimtoa kwenye feni, alianza kupiga kelele tulipofika ngazini, akajitupa chini, akaniuma kiganja. Mlango wa ofisi ulikuwa umeshafungwa.

Nililia njia nzima hadi sokoni Mgandini. Halafu nikanunua nazi za kesho yake nikarudi nyumbani.

Nina mdogo wangu wa kike anayeishi Uingereza, Leicester, kaolewa huko. Mwanawe wa pili ana ADHD, wa miaka minane, haketi, halali, akivuka barabara havuki kama watoto wengine, anaruka tu. Nilipomsimulia ya ofisini alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Dada, mimi yamenikuta hayohayo, tena kwa maandishi."

Kule kuna posho ya watoto wenye ulemavu walio chini ya miaka 16, wenyewe wanaiita DLA. Haiangalii kipato cha wazazi. Haikutaki hata uwe umeshapata jina la hali ya mtoto kwa daktari. Inachotaka kujua ni mtoto huyu anahitaji uangalizi kiasi gani kuliko mtoto mwenzake wa umri huohuo, mchana na usiku. Hali hiyo iwe imedumu walau miezi mitatu na itarajiwe kuendelea miezi sita mbele. Sehemu ya matunzo ina viwango vitatu. Anayehitaji kuangaliwa mchana kutwa yuko kiwango cha kati, na anayekesha na mtoto usiku vilevile. Wanaokutwa na yote mawili, mchana na usiku, ndio hupewa kiwango cha juu. Fomu yake ni kitabu kizima, na maswali yake ni ya namna hii: anavaa mwenyewe? Unamsaidia mara ngapi kwa siku? Kila mara dakika ngapi? Usiku unaamka mara ngapi?

Mdogo wangu aliijaza mara ya kwanza jioni moja. "Kila swali nilijibu kama najibu shangazi," aliniambia. Tunamsaidia kidogo, tunashukuru, anaendelea vizuri. Wakamjibu kwamba mtoto hastahili. Mama mmoja wa shuleni kwa mwanawe akamwambia ana mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na mwezi huo asiupoteze kwa kulia. Aandike siku ya mwanawe tangu anafungua macho. Akaandika. Akaeleza kwamba kuvaa viatu peke yake ni dakika ishirini na tano na mara ya nne ndiyo vinakaa mguuni. Walipoangalia upya, akapewa kiwango cha kati.

Nilimwambia, mdogo wangu, huko ni Ulaya, hapa hakuna fomu hiyo. Akasema, "Fomu hakuna. Siku ya mtoto ipo."

Neno hilo lilinikaa. Usiku ule nikawaza kwa nini sote wawili, mmoja Tanga mmoja Leicester, tulijibu vilevile. Ni malezi. Sisi mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri, salama, alhamdulillah, halafu ndipo unaweka "ila". Nzuri, ila baba kalazwa. Salama, ila tumeunguliwa na nyumba. Anayeuliza anajua, anaisubiri ile "ila", hainuki mpaka aisikie. Ndiyo heshima yetu, na ni heshima nzuri, wala sitaki mwanangu mdogo akue bila hiyo. Lakini kule ofisini kuna foleni. Afisa akisikia "hajambo" ameshaandika hajambo na ameshafungua ukurasa mwingine. Hasubiri "ila".

Kulikuwa na jambo jingine zito kuliko adabu. Niliogopa kwamba kumsema mwanangu kwa shida zake ni kukufuru, ni kumnung'unikia Mungu aliyenipa. Nilimuuliza mama yangu, yuleyule wa kombe. Akaniambia Nabii Ayubu alikuwa mwenye subira kuliko wote tuliowasikia, na bado alimweleza Mola wake kwamba madhara yamempata. Alisema kama kitu kidogo tu, huku anachambua mchele. Kwangu hakikuwa kidogo.

Nikanunua daftari la kurasa 48 dukani. Niliandika siku kumi na nne mfululizo, kila ninapopata nafasi, mengine kwa kalamu mengine kwa penseli ya mwanangu mdogo. Nanukuu machache kama yalivyo.

"Jumatatu. Kalala saa sita na nusu usiku, kaamka saa tisa. Nimekaa naye ukumbini, anarusha kifuniko cha sufuria kizunguke. Saa kumi nimemwamsha baba yake amshike nikakunie nazi kwa jirani."

"Jumanne. Bakuli la bluu alilitumia mdogo wake. Hakula mpaka saa nane mchana."

"Alhamisi. Kafungua komeo ya juu kwa kupanda kiti. Tumemtafuta dakika arubaini. Yuko kwa fundi baiskeli, hana viatu, kavuka barabara mbili peke yake. Wali umeungua, sikuuza."

"Ijumaa. Kumkata kucha. Watu watatu. Vidole sita tu."

Mdogo wangu alikuwa ameniambia kule kuna posho nyingine ya mlezi mwenyewe, na anayeomba lazima awe anamhudumia mwenye ulemavu walau saa 35 kwa wiki. Nikahesabu kwenye daftari langu. Saa 35 nilikuwa nimezimaliza Jumatano kabla ya magharibi. Sikulipwa kitu kwa kuhesabu huko, lakini ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa macho yangu kwamba sikuwa mvivu. Kwa miaka nilidhani biashara yangu haikui kwa sababu sijitumi.

Safari ya pili nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo. Akaniuliza mtoto hajambo. Nikavuta pumzi, nikamwambia, "Dada, hajambo hilo ngoja tuliweke pembeni," nikampa daftari. Akasoma kurasa mbili za mwanzo bila kusema. Akarudi nyuma.

"Hii nazi kwa jirani ni nini? Kwa nini hukunii nyumbani?"

Nikamweleza. Ndipo akaweka kalamu chini. Akamwangalia mwanangu, ambaye siku ile alikuwa chini ya meza anazungusha mfuniko wa chupa. Akasema, "Anza tena mama. Taratibu. Alipozaliwa." Aliandika ukurasa mmoja na nusu kwa mkono wake.

Yeye ndiye aliyenieleza Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inavyosema. Kwa maneno ya sheria ile, ulemavu ni kupoteza au kupunguziwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Nilimwomba arudie. Hakuna mguu humo wala jicho. Kuna kushiriki. Mwanangu ambaye hawezi kwenda harusini, hawezi kukaa darasani na watoto tisini, hawezi kupanda daladala, yumo ndani ya sheria hiyo tangu mwaka 2010, kabla hajazaliwa.

Sasa niseme nilichopata na nisichopata, maana sitaki mtu atoke hapa na matumaini ya uongo. Huku bara hakuna posho ya kila mwezi inayomfuata kila mtoto kwa kuwa tu ana usonji, bila kujali kipato, kama ile ya mwanawe mdogo wangu. Ndugu zetu wa upande wa pili wa Horohoro, Kenya, wana mpango wa serikali wa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na huo nao huchagua. Kwetu kuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao unaanzia kwenye umaskini wa kaya. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa. Mie sikuwamo na sioni kosa, wako walio chini yangu. Ila nawaambia wenzangu walio na hali ngumu: mkutano wa mtaa ukiitwa, nenda. Usitume salamu. Mtoto asiye na kigongo haonekani asiposemewa, na pale barazani hakuna wa kumsemea ila wewe.

Nilichopata ni barua. Barua ya ustawi wa jamii, ikiambatana na ya mtendaji wa mtaa. Kwa barua hizo niliombewa msamaha wa gharama za kliniki, kwa kipato changu. Tulijiunga pia na CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, wakati ule shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Haikuwa ikifika kila mahali, lakini homa na malaria za nyumba nzima zilinitoka kichwani. Na kwa barua hiyohiyo nilikwenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, baada ya shule moja kuniambia mwaka mzima "mlete akishatulia".

Akishatulia! Mtoto anatulia kwa kufundishwa, hafundishwi kwa kutulia.

Alipelekwa shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Mwalimu wake kasomea elimu maalumu Patandi, Arusha, na siku ya kwanza hakuniuliza jina la ugonjwa. Aliniuliza, "Anapenda nini?" Nikasema vinavyozunguka. Wiki iliyofuata nikakuta ametengeneza gurudumu la boksi lenye herufi pembeni. Mwanangu alijifunza irabu zote tano kwa kulizungusha. Nilisimama dirishani nikaona, nikaondoka haraka nisije nikaonekana.

Jambo moja nimelirudia tena kwa daktari, nalo naliona kubwa. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na jina la hali tu. Safari ya pili kliniki nilibeba daftari, nikamwomba daktari aandike pia mtoto asichoweza na anachohitaji: hasemi haja yake, hana hofu ya magari, anahitaji mtu mzima muda wote. Aliandika bila kinyongo, mistari minne. Mistari hiyo minne imefanya kazi kuliko lile neno moja, kwa sababu anayeisoma hahitaji kujua usonji ni nini.

Kuhusu fedha: zile asilimia kumi za mapato ya ndani ya halmashauri ni mkopo usio na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Tulijikusanya akina mama saba wenye watoto wa usonji, ADHD na mtindio wa ubongo, tukaomba kwa upande wa wanawake. Kuandikisha kikundi, katiba, akaunti ya benki, kwenda na kurudi, kumetuchukua miezi, na kila aendaye lazima aache mtoto kwa mwenzake anayemjua. Zamu hizo za kushikiana watoto zimenifaa kuliko nilivyotazamia. Kuna mama mmoja wa Makorora hakuwa amekwenda msibani wala harusini miaka mitatu.

Wiki ijayo watatu kati yetu wanakwenda ustawi wa jamii kwa mara ya kwanza. Jana jioni walikuja kwangu na madaftari yao. Mtoto wa mmoja analamba ukuta, na mamake ameandika hivyohivyo, "analamba ukuta, chokaa imekwisha upande mmoja," nikamwambia asifute. Tukafanya mazoezi. Nikakaa kwenye kiti kama afisa, kalamu mkononi, nikamwita yule wa Makorora.

"Shikamoo mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, alham…" Akashika mdomo. Wenzake wakacheka, naye akacheka mpaka macho yakamlenga. Kisha akajifunga khanga upya, akaketi sawasawa, akafungua daftari lake ukurasa wa kwanza.

"Naomba nianzie kwenye ila," akasema.